Nguzo Katikati ya Picha

Shati lile Mureithi alilinunua Alhamisi, akalifua Ijumaa ili lisionekane la kuazima, na Jumamosi saa tatu asubuhi likawa tayari lina doa la bluu kwenye mkono. Alilitazama lile doa akacheka. Mtu anayekula kwa kuandika majina ya maduka ukutani hana shati la ukweni. Angeenda hivyo hivyo.

Maana leo alikuwa anakwenda ukweni. Hakuwa amemwambia mtu ila Anko Noah, ndugu ya marehemu baba yake, ambaye angeshuka kutoka Kipkelion na pikapu yake saa nane. Leo Mureithi angeingia nyumbani kwa akina Chepkurui kama mwanamume, aketi, aseme anachotaka. Na alichotaka kilikuwa kimoja tu: amwoe.

"Mwalimu, leo umenyoa mpaka shingo," Rebeccah wa maandazi alimwambia akiingia ukumbini. "Kuna harusi ama kuna matanga?"

"Kuna darasa. Keti, Rebeccah."

"Sisi tunaketi. Wewe ndiye huketi. Kila ukizunguka meza, ukifika kwa Chepkurui miguu inachoka."

Watu wakacheka. Mzee Aron, aliyeendesha trekta ya majani chai miaka thelathini, naye akacheka mpaka akakohoa. Mureithi alikichukua kicheko kile kama baraka. Watu wa Sosiot wamejua, akawaza, na hakuna aliyenuna. Hapo alikosea, lakini angejuaje? Alikuwa na miaka mitatu tu tangu atoke kwao Karatina.

Darasa lenyewe lilianza kama mchezo. Alikuwa na makopo ya rangi yaliyobaki kwenye kazi za mabango, kanisa lilikuwa na ukumbi uliokaa bure Jumamosi, basi akabandika karatasi mlangoni: NJOO UPAKE RANGI. BURE. SI LAZIMA UJUE KUCHORA. Wakaja kumi na wawili. Siku ya kwanza kila mtu alichora ng'ombe. Ng'ombe kumi na wawili, na wengine walikuwa na miguu mitano. Mureithi akawaambia kuna njia nyingine, picha isiyo na jina, ambayo mtu akiuliza "hii ni nini?" unamjibu "si kitu," na bado anaendelea kuitazama.

Leo ilikuwa Jumamosi ya tisa. Walikuwa na magunia ya unga yaliyokazwa kwenye fremu za mbao na kupakwa rangi nyeupe ya maji mara mbili.

"Rangi tatu tu," Mureithi alisema. "Ukiweka zote unapata matope. Na kijani sitaki."

"Kwa nini kijani hutaki?" Aron akauliza.

"Mzee, fungua huo mlango. Kijani unachokiona hapo nje hakijakutosha?"

Kutoka mlangoni chai ilishuka mpaka mtoni na kupanda ng'ambo ya pili, kilima juu ya kilima. Aron alitazama, akatikisa kichwa. "Imenitosha. Nipe nyekundu."

"Piga alama ya kwanza bila kufikiri. Halafu ngoja ikauke. Kukauka ni nusu ya kazi. Halafu igeuze picha juu chini uitazame upya. Ukitaka kukwangua tumia hii kadi ya benki, haina kitu ndani. Na mwachie mtazamaji mahali pa kupumzisha macho. Na kitu kimoja sikubali: usiikate picha katikati. Mstari wa katikati unaua picha."

Chepkurui aliketi karibu na dirisha kama kawaida yake, leso nyeusi kichwani, vidole vyake vya kuchuma chai vikiwa na ile rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa haongei sana, lakini akikutazama unahisi ameuliza swali. Siku ile ya kwanza, Mureithi akiandika majina kwenye daftari, ulimi ulimponyoka.

"Una mwanamume?" alimuuliza.

Alimtazama muda. "Mwanamume sina."

"Na yule mtoto wa kike niliyemwona na wewe sokoni?"

"Ni Chepkemboi. Ni wangu."

Mureithi akaandika namba ya simu, na moyoni akaandika yale mengine. Mtoto si neno. Nani hana historia? Tangu siku hiyo alikuwa akiishi kutoka Jumamosi hadi Jumamosi, na siku sita za katikati aliandika mabango ya watu akikosea herufi.

Sasa alifika mezani kwake, na kweli miguu ikachoka.

Picha yake ilikuwa ya ajabu. Juu palikuwa na kijivu kizito kama mawingu ya saa tisa, chini nyekundu iliyofifia, na katikati kabisa, kutoka chini hadi juu, mstari mnene wa kahawia uliogawanyika kidogo kule mwisho kama panda la mti.

"Hii kahawia umeitoa wapi? Mimi sina rangi kama hii."

"Nimeipika. Majani ya chai, nikachemsha mpaka ikawa nzito kama uji."

"Wewe!" Alifurahi kama mtoto. "Hata mimi sikuwaza. Lakini Chepkurui, nimesema nini kuhusu katikati?"

"Umesema mstari unaua picha."

"Na huu?"

"Huu haukatai mtu kupita," alisema polepole. "Huu umeshika. Ukiutoa, huko juu kutaanguka."

"Hakuna kinachoanguka kwenye picha. Ngoja nikuonyeshe."

Akachukua brashi ya inchi mbili, akaichovya kwenye ile nyeupe ya maji, akapitisha mara moja, mara mbili, mara tatu. Mstari ukapotea. Kijivu na nyekundu zikabaki zikitazamana kupitia ukungu mweupe, na ilikuwa nzuri, mtu hawezi kubisha.

"Ona," alisema. "Sasa inapumua."

Chepkurui alitazama pale mstari ulipokuwa, kisha akamtazama yeye, na macho yake yalikuwa na maji. Mureithi alidhani ni furaha. Akainama, sauti ikashuka.

"Leo nakuja kwenu. Namleta anko wangu. Nataka kumwona mama yako."

Brashi ya Chepkurui ilianguka chini. "Leo? Usije leo."

"Kwa nini?"

"Mvua."

"Mvua!" Alicheka. "Kericho hii mtu akingoja mvua iishe ataoa akiwa na mkongojo."

"Mureithi, sikiliza. Ngoja Jumamosi ijayo. Nitakuambia kitu."

"Jumamosi iliyopita ulisema hivyo hivyo. Na ile ya kabla. Utaniambia mbele ya mama."

Aliondoka akipiga mluzi. Aibu ya mwanamke, alijiambia. Nzuri hiyo.

*

Anko Noah alifika na koti la kanisani, kofia, sukari, na maneno yaliyokwisha kupangwa.

"Wasichana wa Nyeri wameisha?" aliuliza kabla hata ya kuzima gari.

"Hawajaisha. Lakini mimi nimempata huyu."

"Ana mtoto."

"Anko, tuliongea."

"Tuliongea. Mimi nataka tu uelewe. Baba yako alikuachia kitu kimoja, jina. Kaka yangu Muchiri alikufa akiuliza, 'Mureithi amepata kijana wa kuitwa Muchiri?' Mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono. Nikamwambia atapata."

"Atapata. Ndiyo maana tunaenda."

Nyumba ya Rodah, mama aliyeishi na Chepkurui, ilikuwa ya mabati, safi, katikati ya shamba dogo la chai lililokatwa vizuri kama kichwa cha mwanafunzi. Ndani palikuwa na vitambaa vilivyofumwa kwenye kila kiti, na ukutani picha ya mzee mmoja mwenye masikio marefu. Rodah mwenyewe alikuwa mama wa miaka sabini hivi, mfupi, mgongo umenyooka. Aliwasalimu kwa mikono miwili, akaita, na Chepkurui akaleta chai bila kuinua macho. Kikombe kikalia kwenye sahani.

"Karibuni," Rodah alisema. "Wewe ndiye mwalimu wa rangi. Nimesikia. Huyu akitoka kwako anaimba akikamua. Kongoi, asante."

Mureithi alitaka kuruka. Anko Noah akakohoa, akavua kofia, akaanza kama wazee wa kwao wanavyoanza.

"Mama, sisi tumetoka mbali kidogo. Tumekuja kwa sababu kuna kondoo jike wetu alipotea, na watu wametuambia ameonekana akiingia kwenye boma lako."

Rodah akaweka kikombe chini. "Kondoo?"

"Kondoo mzuri sana."

"Hapa hakuna kondoo ya mtu. Niko na ng'ombe watatu na mbuzi moja, na wote ni wangu. Nani amesema ameona?"

"Hapana, mama, si kondoo kondoo. Ni..."

"Kama mmeibiwa nendeni kwa chifu. Jina langu lisiingie kwa mambo ya wizi."

Mureithi hakuweza kungoja. "Mama, ni mafumbo ya kwetu. Hakuna kondoo. Tumekuja kuomba binti yako. Nataka kumwoa."

"Binti yangu?" Rodah alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba amepotea njia. "Mimi sina binti. Mungu hakunipa kijana, hakunipa msichana."

"Chepkurui, mama."

Nje ng'ombe mmoja alilia. Mlangoni Chepkurui alisimama na birika, hakuingia, hakutoka.

"Kijana," Rodah alisema, "Chepkurui ni mke wangu."

Mureithi alimgeukia anko wake apate wa kucheka naye, lakini Anko Noah hakuwa akicheka. Mzee yule alikuwa ameishi na Wakipsigis, wenyeji wa huku, tangu akiwa na meno ya maziwa. Alichukua kofia yake mezani, polepole, akaiweka gotini.

"Tusamehe, mama," alisema. "Hatukujua. Hii nyumba hatukujua."

"Kujua nini?" Mureithi alipaza sauti. "Anko, kujua nini?"

"Keti."

"Mke wake namna gani? Mwanamke kwa mwanamke?"

"Si hivyo unavyofikiria," Rodah alisema. Hakukasirika. "Yule pale ukutani ni bwana yangu, Kipkosgei. Alikufa, na mimi sikuwa nimezaa. Mke mwenzangu ana vijana wanne, na macho yao yako kwa hili shamba. Kwetu, nyumba ambayo haina mtoto haiachwi ianguke. Mama wa nyumba anatoa ng'ombe, anaoa msichana mbele ya wazee, na watoto wa yule msichana wanakuwa watoto wa nyumba. Wanaitwa kwa jina la mzee. Sisi tunaita hiyo kuweka *toloch*. Ile nguzo ya panda inasimama katikati, inashika paa. Mimi ndiye bwana. Yeye ndiye nguzo."

Mureithi aliona brashi yake ikipita. Mara moja, mara mbili, mara tatu. *Ukiutoa, huko juu kutaanguka.* Aliona aibu mpaka masikio yakachoma.

"Kwa hiyo umekuja kwa bwana, kumwomba mke wake," Rodah aliendelea, na mdomo ukacheka kidogo upande mmoja. "Na umeleta sukari. Nimezeeka, lakini hiyo sijawahi kuona."

"Nilimuuliza," Mureithi alisema. "Siku ya kwanza nilimuuliza, una mwanamume? Akasema hana."

Sauti ikatoka mlangoni, ndogo. "Mwanamume sina. Ungeniuliza kama nimeolewa, ningekujibu."

Kisha Rodah akainuka, akafunika chai ya wageni na visahani isipoe, akaketi tena, akasema neno ambalo Mureithi hakulitarajia.

"Mimi si mtu mbaya. Huyu mke wangu ni kijana, damu yake inatembea. Kwetu hakuna anayemkataza kuwa na rafiki. Wewe una heshima, unafundisha watu bure. Kuja. Atakupikia, utalala, utaenda kazi yako, utarudi. Mimi sitauliza. Watoto wakija, Mungu ashukuriwe. Lakini watakuwa wa hii nyumba. Wataitwa arap Kosgei, watoto wa yule mzee ukutani. Wewe hutadai, na watu wako hawatadai."

Hapo ndipo Mureithi alipokielewa kile kicheko cha asubuhi. Rebeccah, Aron, wote. Hawakuwa wakimwona bwana arusi. Walimwona rafiki wa nyumba ya Rodah, jambo la kawaida, na ndiyo maana hakuna aliyenuna.

Anko Noah alisimama. "Mama, kwa heshima. Huyu ni kijana wa pekee wa marehemu kaka yangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babu yake. Kaka yangu anangoja huko aliko. Damu yake haiwezi kuitwa jina la nyumba nyingine, hata iwe nyumba nzuri namna gani."

"Nimesikia," Rodah alisema. "Na mimi yule pale ukutani anangoja. Wazee wawili wanangoja, na mtoto hubeba jina moja tu. Mimi sikumfunga kamba. Hawa wawili waende nje waongee."

*

Mvua ilikuwa bado haijashuka, ila harufu yake ilikuwa imefika. Walisimama kwenye kijia cha wachumaji, chai imewafika kiunoni, yeye upande huu, Chepkurui upande ule, mstari mmoja wa chai katikati yao.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka Jumamosi moja zaidi."

"Zimekuwa tisa."

"Kila Ijumaa nilisema kesho nitamwambia. Halafu unakuja unaniwekea rangi, unaniuliza nasikia nini moyoni. Mureithi, hakuna mtu amewahi kuniuliza nasikia nini. Nikasema, basi, ijayo."

Alitaka kuvuka ule mstari amshike. Mkono wake ulifika kwenye majani ukabaki hapo.

"Twende," alisema. "Mchukue Chepkemboi, twende Karatina. Leo. Ng'ombe nitarudisha, hata ikinichukua miaka kumi. Inawezekana kurudisha, sivyo?"

"Inawezekana."

"Basi?"

"Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili. Baba alinitupia nguo zangu nje, kwa matope, majirani wakitazama. Unajua nani alikuja kuziokota? Rodah. Hatukuwa tunajuana vizuri. Aliziokota moja moja, akaenda nazo mtoni akazifua. Alirudi na ng'ombe na wazee. Baba alitaka kumfukuza, akamwambia mimi nimeharibika. Rodah akasema, 'Ng'ombe aliye na ndama hajaharibika. Yuko wawili.'" Alijifuta uso na leso. "Alitaka kijana. Chepkemboi akazaliwa. Watu wakamwambia anirudishe. Akamfunga mtoto mgongoni akaenda naye kanisani."

"Ni mtu mzuri. Sijakataa."

"Nikiondoka leo, wale vijana wanne wa mke mwenzake watakuwa hapa kesho na panga. Watang'oa hii chai mpaka pale mlangoni. Atalala wapi? Na Chepkemboi ni wa hapa. Anamwita Rodah baba akitaka kumchekesha. Nimtoe nimpeleke Karatina nikamwambie sasa baba ni huyu?"

"Basi nitakuja mimi," Mureithi alisema, na maneno yakamtoka haraka kabla hajayaogopa. "Nitakubali alivyosema. Nitakuwa rafiki wa nyumba. Jina ni jina tu."

Chepkurui alimtazama na lile swali lake machoni.

"Sema tena."

"Jina ni jina tu."

"Jumamosi ya tatu," alisema, "tulikuwa tunangoja rangi ikauke. Ulisema ukipata kijana, siku ya kwanza akijua kutembea utasimama mlangoni umwite kwa nguvu, 'Muchiri, njoo ule!' Ulisema hujaita hilo jina tangu uzike baba yako. Ulisema ukiita, mtu ataitika tena. Ulikuwa unalia, ukajifanya ni rangi imeingia jicho."

Mureithi aliangalia chini.

"Ukija hapa, utasimama mlango gani? Mtoto ataitwa Kosgei, na wewe ataambiwa ni mgeni. Atakuamkia 'Chamgei' kama anavyoamkia watu wa njia. Utavumilia mwaka mmoja, miwili. Halafu siku moja utanitazama, na hutakuwa unaniuliza nasikia nini. Utakuwa unanichukia. Mimi hiyo siku sitaki kuiona. Heri nikupende ukiwa mbali."

"Unanipenda?"

"Sasa unauliza nini, wewe mtu?" Alicheka na kulia pamoja. "Mtu anachemsha chai saa nne nzima apate rangi ya kukupelekea, halafu unamuuliza anakupenda?"

Tone la kwanza lilianguka, zito. Kisha mengine.

"Picha yako," Mureithi alisema. "Ule mstari. Nilifanya vibaya."

"Ulifanya vizuri. Nilikuacha upake, nilitaka nione itakuwa aje bila huo." Aliitazama ile nyumba ya mabati. Rodah alikuwa amesimama mlangoni, hakuita, hakutazama upande wao. "Ilikuwa nzuri sana. Ilipumua kweli."

Akanyoosha mkono juu ya chai, akagusa lile doa la bluu kwenye shati lake. Akalisugua na kidole gumba kama mtu anayetaka kulitoa. Halikutoka.

"Usije tena," alisema. "Na mimi Jumamosi sitakuja. Enda, anko wako ananyeshewa."

Alipanda kile kijia bila kukimbia, mvua ikimpiga. Kwenye mlango Rodah alivua shali yake akamfunika kichwa, na wakaingia ndani wote wawili. Mureithi alisimama pale mpaka Anko Noah akaja kumshika kiwiko kama mgonjwa. Walipofika barabara ya lami mzee alisema, "Angekuwa mke mzuri," na Mureithi akamwambia, "Anko, nyamaza," na mzee akanyamaza.

*

Jumamosi ya kumi Mureithi aliwahi kufungua ukumbi, si kwa bidii, ila kwa sababu kitanda kilimkataa. Alitoa picha za wiki iliyopita kabatini, moja moja, akaziegemeza ukutani. Alipofika kwa ile ya Chepkurui alisimama.

Mstari ulikuwa umerudi.

Ulikuwa umetoka chini ya ile nyeupe, hafifu, wa manjano ya chai ya rangi, lakini wote, kutoka chini mpaka kwenye panda lake kule juu. Mureithi alijua sababu, na alijilaani, maana ni jambo la kwanza fundi anafundishwa. Doa la chai halifunikwi na rangi ya maji. Ukipaka mara tatu, litatoka. Ukipaka mara kumi, litatoka. Linataka rangi ya mafuta. Kopo la mafuta lilikuwa pale kwenye rafu, nusu. Alilishusha, akalifungua kwa bisibisi, akakoroga. Harufu ikajaa ukumbi.

Watu wakaanza kuingia. Rebeccah alitazama kiti cha dirishani, akamtazama mwalimu, akaketi bila neno. Sosiot ni ndogo. Habari ya kondoo ilikuwa imemaliza soko zima kufikia Jumatatu, na wiki nzima watu walikuwa wakiificha midomo kila akipita. Leo hakuna aliyecheka.

Ni mzee Aron aliyesogea. Alisimama kando yake mikono mgongoni, akaitazama ile picha muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "huu mstari si ulisema ni makosa?"

"Nilisema."

"Na uliufunika. Mimi niliona."

"Nilifunika na maji."

"Na hiyo ya mafuta itafunika?"

"Hii itafunika. Hautatoka tena."

"Basi unangoja nini?"

Mureithi aliinua brashi. Rangi nyeupe ilijikusanya kwenye ncha, ikavuta, ikadondoka kwenye kiatu chake. Aliona paa la mabati. Aliona mama mzee akiinama kwenye matope, akiokota nguo za mtoto wa wenyewe, moja moja.

"Picha ikikauka," alisema, "ndio unajua ilikuwa nini. Niliwafundisha vibaya, mzee. Kuna mstari wa kukata na kuna mstari wa kushika. Uacheni."

Akaifuta brashi kwenye shati lake, lile la ukweni. Akarudisha mfuniko wa lile kopo, akaugonga kwa ngumi pande zote mpaka ukakaza.